Jina la kundi liandike mwisho

Mwaka wangu wa kwanza nilikariri makundi yote ya wanyama wasio na uti wa mgongo kabla sijamgusa hata mmoja. Siku ya mtihani wa vitendo nikawekewa jongoo bahari kwenye sinia. Nikamwona mrefu, laini, hana miguu, nikamwandika mnyoo. Alama zilipotea, lakini kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba nilikuwa sijasoma kitu.

Ninyi mnaoanza, fahamuni kwamba jina la somo linataja walichokosa tu. Humo wamo siafu, kupe, konokono, pweza, na zaidi ya asilimia 95 ya aina zote za wanyama. Majina ya mitaani nayo hupoteza njia. Jongoo bahari hana udugu na jongoo wa shambani. Ndugu yake ni kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye naye si wa ukoo wa pweza. Mgeuze kiti cha pweza taratibu, majini hukohuko: chini ya kila mkono utaona safu za vijimiguu laini vinavyoendeshwa kwa msukumo wa maji. Kisha mtazame jongoo bahari. Vijimiguu ni vilevile, mwili umegawanyika kwa tano vilevile, ila yeye amelala ubavu. Na jambo linalonishangaza hadi leo: ukifuatilia kiinitete, yaani mnyama anapoanza kuumbika, kinavyokua, hawa wawili wako karibu na sisi wenye uti wa mgongo kuliko walivyo karibu na pweza au kaa.

Aliye pwani asingoje maabara. Nenda wakati wa bamvua, maji yakitoka na mwamba kubaki wazi, ufuatane na akina mama wanaotafuta pweza. Shimo lenye mwenyewe wanalijua kwa magamba ya kaa na makombe yaliyorundikana mlangoni. Hapo umeshajifunza pweza anakula nini na anaishi wapi. Jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa, maana walio chini yake hukaushwa na jua. Konokono mwenye gamba la umbo la koni usimwokote, awe mzuri namna gani; sumu ya baadhi yao imeua watu.

Aliye bara aanze na jongoo na tandu. Hesabu miguu: jongoo ana jozi mbili karibu kila pingili, tandu jozi moja. Chora kwanza, andika ulichokiona, ndipo utafute kundi. Tandu mtazame akiwa ndani ya chupa, kwani anauma vibaya.