Maswali ya Wasomaji: Je, Flaiwili Nzito Zaidi Itaiokoa Mashine Yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninabuni mashine yenye vyuma vinne vya kilo 20 kila kimoja. Chuma kikishuka mita 1.5, kamba yake huzungusha shafti iliyofungwa flaiwili, yaani gurudumu zito la kuhifadhi nishati ya mzunguko, ya kilo 10 pamoja na kemu nne, yaani vipande vyenye nundu, ambazo kazi yake ni kuvipandisha vyuma vilivyokwisha kushuka ili vianguke tena kwa zamu. Nakusudia mzunguko huo uendeshe jenereta ndogo ya kuwasha taa ya wati 5. Mfano wa mbao niliouunda, nikiusukuma kwa mkono, huzunguka karibu dakika mbili kisha husimama. Je, niongeze uzito wa flaiwili, nibadilishe umbo la kemu, au nitafute beringi bora?

JIBU: Ndugu msomaji, kati ya mambo hayo matatu, beringi bora ndizo zitakazokufaa, nazo zitauongezea mfano wako dakika chache tu. Kasoro imo katika hesabu ya nishati, kwa hiyo tuanzie hapo.

Chuma cha kilo 20 kikishuka mita 1.5 hutoa juli 294 (juli ni kipimo cha nishati), ukizidisha kilo, mita na 9.8 ya mvutano wa dunia. Ili kirudi juu zinahitajika juli 294 zilezile, kiwe kimepandishwa na kemu, na winchi au kwa mkono. Tuseme kamba, beringi na nyuso za kemu zinakula asilimia 20 tu, makadirio ambayo kwa mashine ya karakana ni ya ukarimu: utabaki na juli 235, nazo zitakifikisha chuma mita 1.2 na kukiacha hapo, hata kabla taa haijadai sehemu yake. Kuwa na vyuma vinne hakusaidii, kwa kuwa kila kimoja kina deni lake. Juli zilizopotea zimegeuka joto, na inafaa kukumbuka kwamba katika miaka ya 1840 James Joule alilipima joto la namna hiyo kwa vyuma vilivyoshuka huku vikizungusha makasia ndani ya maji.

Kemu huwapotosha wabunifu wengi kwa sababu ukiizungusha kwa mkono unahisi wepesi. Wepesi huo ni wa kweli, ila umelipiwa kwa umbali, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kuzunguka badala ya kuukwea wima. Chukua karatasi ya grafu, uchore pembe ya shafti kwenye mstari wa chini na nguvu ya kuzungusha kwa kwenda juu, chuma kinaposaidia kikiwa juu ya mstari na kinapozuia kikiwa chini yake. Utapata kilima kirefu chembamba na bonde pana lenye kina kifupi. Jicho hukipenda kilima, lakini ukihesabu miraba, maeneo hayo mawili yatalingana, na hapo bado hujatoa msuguano.

Kuna tatizo jingine ambalo mfano mdogo umekuficha. Pembe ya msukumo ya kemu, yaani pembe kati ya upande kemu inakosukuma na upande fimbo inakokwenda, kwa kawaida haifai kuzidi nyuzi 30 hivi, la sivyo fimbo inayopandishwa hubanwa ubavuni na kukwama. Kemu ya kunyanyua mita 1.5 kwa nusu mzunguko, kwa sharti hilo, itahitaji nusu kipenyo cha sentimita 83 upande wake mdogo na mita 2.33 kwenye nundu. Hiyo ni kubwa kuliko mlango wa nyumba.

Kuhusu flaiwili, yenyewe huhifadhi tu kile ilichopewa. Sahani ya kilo 10 yenye nusu kipenyo cha sentimita 20, ikipokea juli 294 zote, itafika karibu mizunguko 520 kwa dakika. Ukiifanya nzito zaidi itachelewa kushika kasi na kuchelewa kusimama, huku ikizielemea beringi. Zile dakika mbili zilitoka mkononi mwako. Usione haya, maana michoro ya namna hii, ya mashine za kujiendesha zenyewe daima, ilikuwa mingi kiasi kwamba mwaka 1775 Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Paris kiliamua kutoichunguza tena.

Mashine inayowezekana ni hii: pandisha vyuma kwa mkono, na kati ya pipa la kamba na shafti uweke friwili ya baiskeli, ili chuma kikishatua flaiwili iendelee kuzunguka bila kuivuta kamba. Kemu zibaki ndogo, zenye kazi ya kufyatua kabari ya chuma kinachofuata pale cha kwanza kinapokaribia sakafu. Kwa taa ya wati 5, chuma kimoja kitakupa chini ya dakika moja. Kwa taa ya wati 0.1, hata nusu ya nishati ikipotea, utapata zaidi ya dakika 24 kwa kila chuma, na vinne vitakaribia saa moja na dakika 38.

Usiitengeneze flaiwili kwa zege wala kwa chuma cha kalibu chenye ufa, kwani kasi ikiongezeka maradufu mkazo ndani yake huwa mara nne. Ifunike kwa kava imara kabla ya kuachia chuma cha kwanza.