Swali la umbo linaanzia kwenye futi ya fundi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza mwanamke avae nguo ya namna gani ili alipendezeshe umbo lake, na mkatuwekea michoro minne ya kutusaidia kujitambua: peasi, tufaha, namba nane na ubao. Nimejitafuta nikajikuta kwenye peasi, tunda ambalo sisi wa Dodoma, watu wa zabibu na ubuyu, tunaliona likishushwa sokoni kutoka Lushoto. Bibi yangu Mgogo angesema kibuyu, na angekuwa amelenga vizuri zaidi, kwa kuwa kifua changu ni inchi 36, kiuno 32 na nyonga 46. Hata hivyo sitaweza kulijibu swali kama lilivyoulizwa, kwa sababu linachukulia kwamba mimi ndiye ninayechagua. Nguo ya shughuli haichaguliwi na mvaaji. Inachaguliwa na kamati.

Kila aliyewahi kuchangia sendofu anaufahamu utaratibu wenyewe. Unatoa mchango, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, kisha siku moja usiku inatumwa picha ya msichana mwembamba ambaye hakuna anayemjua, amevaa gauni lililombana hadi magotini na kuchanua chini kama mkia wa samaki, na maneno yanayofuata ni kwamba huo ndio mshono wa upande wa mama, asiyeuafiki aseme mapema. Nani atasema? Kusema ni kukiri hadharani, mbele ya mashemeji na majirani, kwamba mwili wako hautoshi mle ndani.

Basi mimi sikusema. Ilikuwa sendofu ya binti wa dada yangu, mwezi Julai, na kitenge kilikuwa cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa makubwa kama visahani. Pisi ya yadi sita iligawanywa kwa watu wawili, yaani yadi tatu kila mmoja, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza kabla hata mkasi haujashikwa. Kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 45 hivi, hivyo nyonga zangu peke yake zinaumaliza upana wote na kudai zaidi, kabla ya kuhesabu kitambaa kinachoingia kwenye mshono na nafasi ya kukaa kitini. Kwa gauni refu ninahitaji vipande viwili vya kutoka begani hadi chini, na yadi tatu, ambazo ni inchi 108, haziwezi kuvitoa.

Nilikwenda kwa fundi mmoja anayeshonea barazani karibu na soko la Majengo. Wenyeji mnaujua upepo wetu wa Julai, unaopita na vumbi lake hadi kwenye meno. Nilikuwa nimevaa sweta nzito, na fundi akanipima nayo ili nisipate baridi, jambo ambalo wakati ule niliona ni adabu njema. Kwenye nyonga akaizungusha futi kwenye mfupa ulio chini kidogo tu ya kiuno, akaandika 43.

"Fundi, hapo umepima juu mno," nikamwambia, "shuka kama shubiri moja, ndipo pana upana wenyewe."

"Usiwe na wasiwasi, mama, kitenge kitaachia."

Kitenge kile kilikuwa pamba tupu, hakikuwa na mpira wa kuachia chochote. Ulichokata ndicho utakachovaa, na kikifuliwa mara ya kwanza bila kulowekwa kabla ya kukatwa kinaweza kupungua zaidi. Nililijua hilo na bado nikanyamaza, na ndiyo sababu sithubutu kumlaumu fundi peke yake. Nilipokwenda kujaribu, jioni ya kuamkia shughuli, kifua kilinilegea kwa unene wa sweta niliyopimwa nayo, nyonga hazikushuka, kitambaa chote cha ziada kikajikunja kiunoni kama mtu aliyejifunga mbeleko, na maua mawili, sijui kwa hesabu gani, yalikaa moja kwa kila kalio. Niliomba aachie mishono ya pembeni. Ndani alikuwa ameacha nusu inchi.

Nililia, mhariri, pale pale barazani, mtu mzima wa miaka 52. Fundi hakunibembeleza. Aliomba radhi, akamtuma kijana wake kununua poplini ya bluu kabla maduka hayajafungwa, akalikata gauni kiunoni, akashona sketi ya kumwagika kwa poplini ile isiyo na ua hata moja, na maua yaliyosalimika akayafanya mikono yenye marinda mabegani. Pindo alilikunja mara mbili ili liwe zito, maana sketi nyepesi ya namna hiyo ukishuka nayo kwenye bajaji mwezi wa Julai itakuaibisha. Alimaliza saa saba usiku. Ukumbini mwenyekiti wa kamati hakunisemesha kwa kuwa nilikuwa nimeiharibu sare, lakini wanawake watatu walinifuata kuniuliza fundi wangu ni nani.

Nilianza kuandika barua hii nikiwa na nia ya kuwaambia kwamba michoro yenu ni upuuzi, kwamba tatizo letu ni futi iliyopita mahali pasipo pake na wala si matunda. Sasa nimerudi kuyasoma maelezo yenu chini ya peasi: sketi inayoanza kupanuka kiunoni, rangi moja chini, mapambo yapande mabegani. Ndilo gauni langu lile lile. Fundi, ambaye nina hakika hajawahi kulifungua gazeti lenu, alifika huko kwa kuishiwa kitambaa. Kwa hiyo ninakubali kwamba mko sahihi, ingawa kwa ofisini zaidi kuliko kwa shughuli, kwa sababu ushauri wenu wote unadhani kwamba nyonga ni kitu cha kufichwa, wakati kwetu muziki ukikolea nyonga ndizo zinazotunzwa. Na wala haunifai kwa sketi ya kumwagika isiyo na pindo zito, labda niwe nimehamia mji usio na upepo.

Pamoja na hayo yote, lazima niseme ukweli. Mwaka huu mimi ni mweka hazina wa kamati ya sendofu ya binti wa jirani yetu, na wiki iliyopita, ulipokuja mjadala kama kila mmoja apewe kitambaa ajichagulie mshono, nilipiga kura ya mshono mmoja. Watu ishirini waliovaa sawasawa wakiingia ukumbini kwa kucheza wanapendeza kuliko mtu yeyote mmoja aliyeshonewa kwa umbo lake, na sikutaka kuipoteza picha hiyo. Nilichoomba ni mawili tu: watu wapimwe bila sweta, na mwenye nyonga zinazozidi inchi 44 ajiongezee yadi moja kwa fedha zake. Ya kwangu nimekwisha kuilipia.