Kampuni thelathini, barua moja: je, korti itaturudishia kandarasi zetu?

SWALI: Assalamu alaikum wakili. Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Changamwe, niliyoiandikisha ili kuomba zile zabuni za akina mama na vijana. Tulipata kandarasi ya miaka miwili na taasisi moja ya umma, tukafanya kazi miezi kumi na minne. Mwezi uliopita tuliletewa barua kwamba kandarasi imesitishwa mara moja kwa sababu ya kupanga upya bajeti. Kumbe si sisi peke yetu. Kampuni zaidi ya thelathini, za usafi, ulinzi na ukarabati, zilipata barua hiyo hiyo siku hiyo hiyo, kilichobadilika ni jina tu. Ankara zetu tatu hazijalipwa, na wafanyakazi wangu kumi na tisa wananiuliza haki yao iko wapi. Nasikia kule Marekani makampuni yaliyofutiwa kandarasi na USAID, lile shirika la misaada la serikali yao, yalikwenda kortini na jaji akaizuia serikali. Je, nasi tuungane tushtaki turudishiwe kandarasi? Au twende kwa ile bodi ya zabuni?
— Mama wa Changamwe

JIBU: Waalaikum salaam, mama yangu.

Nianze na hiyo kesi ya Marekani, maana inasimuliwa sana barazani na nusu yake huachwa njiani. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alitia saini agizo la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kusimamisha kazi. Waliokwenda mahakamani, wakiwemo wanakandarasi wakubwa kama Chemonics na DAI, hawakuingia na mikataba yao mmoja mmoja mkononi. Walimwambia jaji: hapa umepitishwa uamuzi mmoja wa jumla, hakuna aliyefungua faili kuangalia nani anafanya nini, na uamuzi wa namna hiyo ni wa kiholela chini ya sheria ya taratibu za utawala ya 1946. Februari 13 Jaji Amir Ali wa Washington akaukubali mwelekeo huo kwa muda. Serikali ilikimbilia Mahakama ya Juu, na Machi 5 majaji watano kwa wanne wakakataa kuiondoa amri ya jaji huyo ya kulipa karibu dola bilioni 2 za kazi iliyokwisha kufanywa.

Hapo watu wakashangilia na kuzima redio. Machi 10 jaji huyo huyo aliamuru kazi yote iliyofanywa hadi Februari 13 ilipwe, lakini hakuamuru kandarasi zilizovunjwa zirudishwe. Aprili 4, katika kesi nyingine kuhusu ruzuku za elimu, Mahakama ya Juu ikaashiria kwamba madai yanayotegemea mkataba na serikali yao yapelekwe kwenye mahakama maalumu ya madai, ambayo kazi yake hasa ni kutoa fidia ya fedha. Basi walichopata kwa uhakika ni malipo ya jasho lililokwisha kutoka. Kazi yenyewe ilikwenda.

Nakueleza haya yote kwa sababu sheria yetu, ingawa ni tofauti, inakupeleka kwenye njia panda ile ile. Unataka kulipwa, au unataka kurudi kazini? Ni kesi mbili, na ushahidi wake si mmoja.

Tuchukue kwanza ya kurudi kazini, ambayo ndiyo ngumu. Silaha yenu kubwa ni Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya: kila mtu ana haki ya kutendewa kiutawala kwa namna ya haraka, halali, ya busara na ya haki, na anayeathirika ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kampuni nayo ni mtu kwa mujibu wa Kifungu cha 260. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, kifungu cha 4, inafafanua zaidi: upewe notisi kabla ya uamuzi, upewe nafasi ya kusikizwa, upewe sababu na ushahidi unaotegemewa. Barua thelathini na kitu zenye maneno yale yale ni ushahidi mzuri sana hapo. Zikusanyeni zote, na bahasha zake kama zina tarehe. Zinaonyesha kwamba hakuna aliyeitwa wala faili iliyosomwa.

Lakini jueni swali ambalo wakili wa upande wa pili atauliza kabla hamjakaa vizuri: hili ni jambo la umma au ni ugomvi wa mkataba tu? Maombi mengi ya kikatiba hufia hapo. Mahakama zetu zimesema mara kwa mara kwamba mkataba wa biashara haugeuki kuwa suala la Katiba eti kwa sababu mmoja wa waliotia saini ni serikali, na kwamba penye njia nyingine iliyowekwa, ifuatwe hiyo kwanza. Kifungu cha 9 cha sheria ile ile ya 2015 kinasema hivyo pia, ila kinairuhusu mahakama kukusamehe sharti hilo kukiwa na sababu za kipekee, na lazima uombe kusamehewa.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: msishambulie barua, shambulieni uamuzi ulioizaa. Kuna mahali mtu au kikao kiliamua kwamba kandarasi zote zife siku moja. Ni kikao gani? Kina mamlaka gani? Kiliangalia bajeti ipi, na mbona mwaka wa fedha ulianza kandarasi hizi zikiwa zimetengewa pesa? Uamuzi huo ndio wa kiutawala, na ndio unaoweza kubebwa na Kifungu cha 47 na cha 227, kinachotaka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi na ushindani. Andikeni barua sasa hivi kudai sababu chini ya kifungu cha 6 cha ile Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala. Taasisi ina miezi mitatu kujibu, na ikinyamaza, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri. Msikae kuisubiri hiyo miezi mitatu kama mnataka amri ya kusimamisha mambo, lakini barua iwe imekwenda na nakala yake imegongwa muhuri wa mapokezi.

Amri ya muda ya kusimamisha ndiyo roho ya kesi ya namna hii, kwa sababu akishaingia mwanakandarasi mwingine na mifagio yake, jaji atasita sana kumtoa. Mtaulizwa mambo matatu: je, kesi yenu ina mashiko, je, bila amri ushindi utakuwa wa bure, na maslahi ya umma yako wapi? Hilo la tatu lilitiliwa mkazo na Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Munya ya 2014. Hapo mwenye kandarasi ya usafi wa zahanati ana la kusema kuliko mwenye kupaka rangi ofisi. Nisikufiche: mara nyingi jaji huona hasara yenu inahesabika kwa shilingi, na kinachohesabika kinaweza kulipwa mwishoni.

Kuhusu bodi ya zabuni, yaani ile inayosikiza malalamiko ya ununuzi wa umma: haitawafaa kwa barua hizi. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 167, inaiondolea bodi mamlaka mkataba ukishatiwa saini ipasavyo. Watu huchanganya kufutwa kwa zabuni, ambako hutokea kabla ya mkataba, na kuvunjwa kwa mkataba wenyewe. Wanakimbilia Nairobi, wanalipa ada, wanarudi mikono mitupu.

Ila usiitupe hiyo bodi kabisa. Kaeni macho kwenye magazeti na tovuti ya taasisi. Wakitangaza upya kazi ile ile, sababu ya bajeti imejifia yenyewe, na mkiomba zabuni hiyo mpya mnakuwa na haki ya kulalamika mbele ya bodi ndani ya siku 14 tangu kosa litokee. Siku hizo haziongezwi kwa huruma. Tangazo hilo pia ni kiambatisho kitamu kwa hati ya kiapo kule Mahakama Kuu.

Fungua sasa mkataba wako na utafute vipengele viwili. Kimoja ni cha kuvunja kwa hiari ya mnunuzi. Kikiwemo, taasisi inaweza kusitisha bila wewe kukosea, lakini kwa notisi na kwa kukulipa yaliyofanyika, na hapo neno “mara moja” katika barua yenu linaweza kuwa ndilo lililovunja mkataba. Cha pili ni cha usuluhishi. Kikiwemo, ukifungua kesi ya kawaida watamwomba jaji aisimamishe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995, mwende kwa msuluhishi. Kifungu cha 7 bado kinakuruhusu kuiomba Mahakama Kuu amri ya kulinda hali ilivyo wakati msuluhishi anatafutwa. Na hapa ndipo umoja wenu unapolegea: mnaweza kuwa waombaji pamoja dhidi ya uamuzi mmoja wa jumla, lakini mikataba ni thelathini, na pengine mitano haina usuluhishi, mingine ilikwisha muda kimya kimya. Wakili wenu aipange mafungu kabla ya kuandika neno la kwanza. Mmoja mwenye karatasi mbovu anaweza kuwachafulia wote.

Nasema karatasi mbovu kwa makusudi. Kifungu cha 135 cha sheria ya ununuzi kinasema hakuna mkataba mpaka uandikwe na utiwe saini. Wangapi kati yenu waliongezewa kazi kwa simu? “Fanya tu, LPO (hati ya kuagiza kazi) itakuja.” Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliitupa kesi ya Royal Media Services dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, iliyodai malipo ya matangazo, kwa kuwa taratibu za ununuzi hazikufuatwa. Matangazo yalikuwa yamepeperushwa, na hayakulipwa. Mimi naona sheria hapo inamwadhibu aliyefanya kazi na kumwacha aliyemtuma, lakini ndiyo sheria, na kazi ya mdomo usiichanganye na kazi ya mkataba katika dai moja.

Ama ankara zako tatu, huo ni upande mwepesi zaidi wa jambo hili. Tafuta hati ya kupokea kazi kwa kila ankara, yenye saini ya aliyekagua. Dai riba pia: kifungu cha 140 cha sheria ya ununuzi kinaruhusu riba juu ya malipo yaliyocheleweshwa, mradi mkataba wako haukusema vinginevyo. Angalia saa vilevile. Dai la mkataba kwa kawaida lina miaka sita, lakini dhidi ya Serikali, Sura ya 39, sheria ya ukomo wa kesi dhidi ya mamlaka za umma, inatoa mitatu. Taasisi nyingine zina muda wao mfupi zaidi. Sheria ya Mamlaka ya Bandari, kwa mfano, katika kifungu cha 66 inataka notisi ya mwezi mmoja na kesi ndani ya miezi 12 kwa mambo yaliyofanywa chini ya sheria hiyo. Na ukitaka mahakama ifutilie mbali uamuzi kwa njia ya zamani ya Agizo la 53 la kanuni za kesi za madai, una miezi sita tu.

Ukishinda, usimtume dalali akakamate gari la serikali. Kifungu cha 21 cha Sura ya 40, sheria ya kesi zinazoihusu Serikali, kinakataza, na kinazihusu kaunti pia. Utachukua cheti cha amri, utakipeleka kwa afisa anayesimamia matumizi ya fedha, akikaa kimya utarudi kuomba amri ya kumlazimisha, na akiidharau hiyo ndipo unaomba aitwe ajieleze kwa nini asifungwe. Njia ni ndefu. Kwa sababu hiyo, mkiitwa mezani wakati wowote na kupewa ratiba ya malipo iliyoandikwa, ifikirieni kwa moyo mweupe.

Wafanyakazi wako kumi na tisa ni jambo la haraka kuliko yote haya, na naona umelitaja kwa kupita tu. Mwajiri wao ni wewe, si ile taasisi. Kuvunjiwa kandarasi ni sababu halali ya kupunguza wafanyakazi, lakini hakukuondolei utaratibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kila mmoja apewe notisi ya maandishi ya angalau mwezi mmoja, na afisa wa leba apelekewe; kama wana chama, chama kiarifiwe pia. Kigezo cha kuchagua nani aondoke kiwe cha haki. Kisha unawalipa likizo waliyobakiza, notisi au mshahara wa mwezi badala yake, na malipo ya kuachishwa ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Walioanza nawe miezi kumi na minne iliyopita wana mwaka mmoja kamili, basi ni siku 15. Uliokuwa ukiwaita vibarua usiwaruke: aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi, kifungu cha 37 kinamtoa kwenye ukibarua.

Gharama hiyo iandike, weka risiti, na uiingize katika dai lako dhidi ya taasisi kama hasara iliyoletwa na kuvunjwa kwa mkataba. Sikuhakikishii kwamba msuluhishi ataikubali yote, lakini isiyoandikwa hakika haitalipwa. Ukiwaacha bila notisi, watakupeleka Mahakama ya Ajira na Leba hapa hapa Mombasa, ambayo inaweza kuwapa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12 kila mmoja. Kujitetea kwamba nawe hujalipwa na serikali hakutakutoa. Hizo barua za notisi ziandike wiki hii, kabla ya kikao chenu cha kuchanga pesa za wakili.