Kitambaa kimoja kwa ng'ombe watatu

SWALI: Nina ng'ombe watatu wa maziwa, nawakamua kwa mikono. Kabla ya kukamua naosha kiwele kizima kwa maji ya uvuguvugu, nafuta kwa kitambaa, napaka mafuta. Hata hivyo wawili wameugua kiwele kwa kufuatana. Jirani anashauri nichovye chuchu kwenye iodini kwanza. Je, haitaingia kwenye maziwa?
Mfugaji, Rungwe

JIBU: Ndugu mfugaji, kabla ya iodini, tazama hicho kitambaa. Kikitoka kwa ng'ombe mgonjwa kwenda kwa mzima, kinahamisha ugonjwa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huenea hivyo hivyo, na akishajikita ndani ya kiwele ni vigumu kumtoa hata kwa sindano. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, kifuliwe, kichemshwe na kuanikwa juani baada ya kila ukamuaji. Maji nayo yapunguze. Ukilowesha kiwele chote, uchafu hutiririka hadi kwenye ncha za chuchu na kudondokea ndooni. Osha chuchu tu, isipokuwa kiwele kimejaa matope au kinyesi.

Iodini itumie, ila iwe ile ya kuchovya chuchu kabla ya kukamua, si ya vidonda. Ichanganye kwa kipimo cha lebo, usikisie. Nawa mikono kwa sabuni, kisha kamua michirizi 3 au 4 ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi, kamwe si sakafuni wala kiganjani. Mabonge, damu au majimaji yakionekana, maziwa hayo yasichanganywe na mengine. Sasa chovya chuchu zikiwa safi, subiri sekunde 30, maana ukifuta mapema bakteria hawajafa. Kisha futa mpaka zikauke kabisa, na ncha yenye tundu uisugue vizuri. Kufuta huku ndiko kunakozuia iodini kuingia kwenye maziwa. Dawa iliyochafuka kwa kinyesi imwage, haina nguvu tena.

Usikawie: anza kukamua dakika 1 hadi 1 na nusu tangu ulipoanza kushika chuchu. Ng'ombe hushusha maziwa kwa dakika chache tu, na ukichelewa mengi hubaki kiweleni.

Mafuta acha. Yanashika uchafu, na kopo linalochotwa kwa vidole kila siku huwa chanzo kingine cha bakteria.

Lakini kuchovya kabla hupambana zaidi na bakteria wa kwenye kinyesi na matandiko, kama E. coli. Kwa ugonjwa unaohama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, kama inavyoelekea kuwa zizini kwako, kinga kubwa ni kuchovya tena mara tu unapomaliza kukamua. Hiyo usiifute. Chagua yenye gliserini ili chuchu zisipasuke, halafu wape majani mapya wasimame angalau nusu saa, kwani tundu la chuchu halifungi papo hapo. Na yule mzima akamuliwe wa kwanza kila siku, wagonjwa wafuate.