Maswali ya Komputa: SSD imeingia fiti, mbona laptop haiioni?

SWALI: Salam kaka wa komputa. Laptop yangu ni ya kitambo, waiwasha unaenda kupika chai warudi bado yazunguka. Fundi mmoja Mwembe Tayari akanambia ninunue SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ile ndogo ya M.2, nikanunua, ikaingia sawasawa na skurubu ikafunga, lakini laptop yasema haina diski. Fundi asema SSD mbovu, muuzaji asema laptop mbovu. Nimuamini nani? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Dadangu usigombane na mtu kwanza, huenda hapo hakuna kibovu. M.2 ni umbo la sloti tu, yaani lile tundu la kuichomekea, haikwambii SSD inaongea vipi na mashine. Ziko zinazoongea lugha ya SATA na ziko za lugha ya NVMe, na laptop nyingi za zamani sloti yake yajua SATA peke yake, sasa ukiitia NVMe inaingia vizuri ila hawaelewani ng'o.

Vurugu hii imeanza mbali. Kulikuwa na IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, ule waya bapa wa pini 40 uliokuwa ukijaza kasha zima, ukaishia MB 133 kwa sekunde. 2003 ikaja SATA na kiwaya chake chembamba, ikaanza na 150, ikapanda 300, 2009 ikafika 600 na ikakwama hapo mpaka leo. Kwa hard disk, ile diski ya zamani ya kuzunguka, hiyo ni nyingi mno, sahani inayozunguka kwa kawaida haifikishi hata nusu yake, lakini SSD ziliijaza haraka sana. Tena AHCI, ile taratibu ambayo SATA yatumia, ilitungwa enzi za diski za kuzunguka, foleni moja ya amri 32 basi. NVMe iliyotoka 2011 yapita moja kwa moja PCIe, ile njia ya kasi ndani ya mashine, foleni zaweza kufika elfu 65 na ushee, ndo unasikia watu wajisifu MB 3,500.

Sasa itoe uangalie yale meno ya dhahabu. Pengo moja mara nyingi ni NVMe, mawili mara nyingi SATA, lakini ziko NVMe za mapengo mawili pia kwa hivyo soma lebo, halafu tafuta modeli ya laptop uone sloti yakubali nini. Ikiwa ni SATA tu, omba ubadilishiwe. Muuzaji akikataa nunua kasha la USB la NVMe uitumie kama flashi kubwa, na pale penye hard disk ya zamani utie SSD ya SATA ya inchi 2.5. Mimi ningefanya hivyo tu, kukimbiza MB 3,500 kwa mashine ya kuandikia barua na kufungulia eCitizen ni kutupa pesa.

SWALI: Nina diski ya komputa ya marehemu baba, ina pini kibao nyuma, mna picha za harusi yao. Zatoka? (Kijana wa Kisauni)

JIBU: Hiyo ni IDE. Tafuta adapta ya IDE kwenda USB yenye umeme wake, diski ya inchi 3.5 yataka volti 12 na USB ya kawaida yatoa 5. Usipinde pini. Ukiiwasha ikaanza kugonga tak tak, zima hapo hapo uipeleke kwa mtu wa kuokoa data, usiijaribu tena.