Gugu karoti malishoni: usilifyeke, ling'oe kabla halijachanua

Mkuu, umesema mmea wenye majani ya karoti umeziba njia ya ng'ombe kwenda lamboni, maziwa yameanza kuwa machungu, na kijana wako ameshashika fyekeo. Msimamishe leo hii. Gugu karoti likifyekwa linachipua upya kutoka shinani, na kama lina mbegu, mnazisambaza wenyewe.

Kwanza hakikisha ni lenyewe. Likiwa changa, majani yamelala chini kulizunguka shina, yamechanika-chanika, yana vinyweleo na rangi ya kijani inayoelekea kijivu. Likikua, shina lina michirizi ya kusimama na linapita kiuno cha mtu. Maua ni meupe, madogo, yana pembe 5. Wengi hulichanganya na mashona nguo, lakini mbegu za gugu karoti hazinati kwenye nguo. Kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, asili yake Amerika ya kitropiki. Arusha lilianza kuripotiwa mwaka 2010, na huku kwetu Monduli tuliliona kwanza pembeni mwa barabara, maana linafuata matairi, kifusi na kwato.

Pakiwa na unyevu, wiki 4 hadi 6 tu tangu liote linachanua, na mche mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ndiyo maana nakusisitizia: ng'oa mvua ikishalainisha udongo, litoke na mzizi. Vaeni glavu, mikono mirefu na barakoa. Lina sumu inayowasha ngozi, na mwenye pumu asilisogelee kabisa; jirani yangu mmoja alivimba mikono na kope kwa kung'oa mikono mitupu. Yaliyokwisha kuchanua yaingie kwenye viroba palepale, yakachomwe sehemu moja. Msiyaburute kupita malishoni.

Usianzie katikati palipofunga. Anza na miche iliyojitenga pembezoni, kisha ingia ndani taratibu, hapo unalizuia lisipanuke. Kwa eneo kubwa mno, dawa ya 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, ila ipigwe gugu likiwa changa, mbali na lambo, na mifugo ikae nje kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Ujue pia itaondoka na mikunde ambayo mifugo inaihitaji, kwa hiyo mimi naitumia pale tu mikono inaposhindwa.

Lakini ndugu yangu, kung'oa peke yake hakutoshi. Gugu hili linapenda ardhi iliyochungwa hadi ikabaki wazi. Kwetu, alalili (eneo la malisho linalotengwa na kufungwa kwa muda) iliyoheshimiwa, ikapumzishwa mpaka nyasi zikashikana, gugu liliishia ukingoni upande wa barabara. Kwenye eneo la wazi la pamoja lilitanda lote. Kaeni na wazee mkubaliane kulifunga hilo eneo mkishang'oa, na palipo patupu kabisa pandeni nyasi za Cenchrus ciliaris, zinavumilia ukame. Marobota ya nyasi za kununua yakagueni kabla hayajashushwa.

Mbegu hukaa udongoni miaka mingi, kwa hiyo kila baada ya mvua pitieni tena palepale.

Swali langu: lambo liko juu au chini ya hapo lilipoota? Kama liko chini, anzeni na korongo linaloingiza maji lamboni, maana mbegu huelea na kushuka na mkondo.