Muulize Fundi: Vitz imetoka bandarini, niweke oili gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepokea Vitz ya 2014, injini ndogo ya lita 1.0, imetoka Japani mwezi uliopita. Kwenye kifuniko cha oili pameandikwa 0W-20. Fundi wa mtaani kwetu anasema hiyo ni ya nchi za baridi, kwa joto la Dar niweke 20W-50 na nimwage kila kilomita 3,000. Jirani anasema kitabu cha gari kinaruhusu mpaka 15,000. Kila siku natoka Tegeta kwenda Kariakoo, nikiwashusha watoto shule njiani. Nimfuate nani?
Msomaji, Tegeta

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa gari. Kwenye uzito wa oili, fuata kifuniko. Kwenye kilomita, usimfuate yeyote kati ya hao wawili.

Injini haiishi kwenye joto la Dar, inaishi kwenye joto lake yenyewe. Ikishapata moto, thamostati huyaweka maji yake kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90, uwe Kariakoo mchana au Makambako asubuhi ya Julai. Namba ya pili kwenye kopo, ile 20 au 50, inaeleza uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Kwa hiyo 50 haikukingi na jua. Inachofanya ni kupita kwa shida kwenye vijia vyembamba vya VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Na ile 0W ya mbele ni faida kwako hata huku pwani: ukiwasha asubuhi, oili inawahi kupanda juu ya injini, na dakika hizo za mwanzo ndizo vyuma husagana sana.

Ukikosa 0W-20, au bei ikikushinda, 5W-30 inafaa. Angalia mgongoni mwa kopo pawe na alama ya daraja la ubora, API SN au SP. 20W-50 waachie wenye injini za zamani.

Sasa kilomita. Jirani yako hajadanganya: Toyota kwa soko la Japani wanaandika 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo. Lakini wanaandika pia kwamba kwa matumizi magumu igawe nusu, 7,500 au miezi sita. Na matumizi magumu kwao ni vumbi, barabara mbovu, vilima, safari fupifupi, na kusimama muda mrefu injini ikiunguruma. Foleni ya Mwenge hadi Morocco ni ipi kama si hiyo? Injini inafanya kazi saa nzima, dashibodi inahesabu kilomita chache. Mimi kwa njia yako nashauri 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na filta ya oili mpya kila mara.

Iliyomo sasa imwage wiki hii, usisubiri. Fungua kwanza mlango wa dereva utazame ubavuni na kwenye nguzo yake: gereji za Japani hubandika stika ya oili yenye kilomita na tarehe. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu yao, inayoanza upya kila mfalme mpya akitawala. 30 ni 2018, na 5 ni 2023. Linganisha na dashibodi utajua oili hiyo imekaa humo muda gani.

Jambo ninalokuomba usilipuuze ni kipimo. Injini yako inachukua lita tatu na kidogo pamoja na filta, kopo ni la lita nne, na mafundi wengi humimina lote. Ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi beringi. Simamia mwenyewe: gari mahali tambarare, injini imezimwa dakika tano, futa kijiti, kichomeke tena, kisome. Oili iishie kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Inayobaki weka kwenye buti. Kopo likiisha, litoboe kabla ya kulitupa, maana yapo makopo matupu yanayookotwa na kujazwa oili ya kuchakachua.

SWALI: Hilux yangu ya dizeli nimemwaga oili juzi tu, tayari ni nyeusi tii. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Iringa

JIBU: Rangi peke yake haithibitishi hilo, kaka. Dizeli hutoa masizi, na oili nzuri ina dawa ya kuyabeba yasigande kwenye vyuma, kwa hiyo hubadilika mapema. Chunguza mengine: je, kopo lina API CI-4 au CK-4? Oili inapungua kwenye kijiti? Ina harufu ya dizeli, au imekuwa nyepesi kama maji? Ukikuta moja kati ya hayo mawili ya mwisho, nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zipelekwe zikapimwe kabla hujanunua oili nyingine.